Kuoka skonzi porini: chungu cha chuma na makaa ya juu

Anayeanza kupikia chungu cha chuma karibu kila mara huunguza chini na kuacha juu kubichi. Amezoea kwamba mahali pa moto ni chini ya sufuria, basi. Chungu hiki kinataka kinyume chake: moto mwingi ukae juu ya mfuniko, mdogo ubaki chini. Kama umewahi kumwona bibi wa Pwani akipalia wali wa nazi, yaani kupanga makaa juu ya mfuniko maji yakishakauka, kanuni yenyewe unayo tayari. Kilichobaki ni kuizoesha kwenye chombo kizito zaidi.

Mimi ni mpishi wa kambi, safari za kaskazini: Tarangire, Ngorongoro, Serengeti. Gesi tunabeba, na supu, chai na mboga napikia gesi. Lakini jiko la gesi la kambini halioki, na mgeni aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kwa baridi anafurahia skonzi ya moto kuliko mkate wa juzi uliotoka mjini.

1. Chungu chenyewe

Madukani na mtandaoni kinauzwa kwa jina la Dutch oven. Tafuta chenye miguu mitatu mifupi, na mfuniko bapa wenye ukingo ulioinuka pembeni. Miguu inaacha nafasi ya makaa chini. Ukingo unazuia makaa ya juu yasiporomoke, na majivu yasiingie kwenye chakula. Vile vyenye rangi ya kung'aa na mfuniko uliovimba ni vya jiko la nyumbani. Viache huko, ile rangi hupasuka kwenye moto wa kuni.

Inchi 12, yaani sentimita 30 hivi, inatosha watu wanane. Kikiwa kitupu kina uzito wa karibu kilo 9, kwa hiyo ni chombo cha wanaosafiri kwa gari. Usimbebeshe mpagazi wa Kilimanjaro. Kule hata moto wa kuni hauruhusiwi.

Kama huna, sufuria nene ya alumini na sinia juu yake itakufaa, ndivyo mikate mingi ya Pwani ilivyookwa. Ila uiinue kwenye mafiga isikalie makaa. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na kaa linalopulizwa na upepo linazidi hapo.

2. Kukichoma mafuta

Chungu kipya kioshe kwa maji ya moto na sabuni, kisha kikaushe motoni, si kwa kitambaa tu. Kikiwa bado vuguvugu kipake mafuta ya alizeti ndani, nje na kwenye mfuniko, halafu yafute kana kwamba ulikosea kuyapaka. Utando unatakiwa uwe mwembamba sana. Mafuta mengi huganda na kunata. Kiinamishe juu ya makaa kwa muda wa saa moja, mpaka kiache kutoa moshi. Rudia mara tatu. Mafuta yakichomeka hugeuka ngozi nyeusi ngumu inayozuia kutu na kufanya chakula kisishike.

Ngozi hiyo haipendi ukwaju, ndimu wala nyanya zikichemka muda mrefu, hasa chungu kikiwa bado kipya. Anza na vitu vya mafuta na unga.

3. Moto

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo twende taratibu.

Usipikie ndimi za moto. Unapikia makaa. Washa moto wako pembeni, mita moja kutoka mahali pa kupikia, na uuhudumie huko kama kiwanda cha makaa: kuni zinaingia upande mmoja, makaa unayachota upande mwingine kwa beleshi au koleo. Kuni za mgunga zinatoa makaa mazito yanayokaa. Ukiwa Pwani, mvinje ni mzuri vilevile. Kuni laini na zenye unyevu zitakupa moshi na majivu tu. Usichome kabisa mnyaa wala mti wowote wenye utomvu mweupe, moshi wake unaumiza macho. Ukiwa ndani ya hifadhi usiokote kuni, njoo na mkaa wako kutoka mjini.

Sasa hesabu. Wanaotumia mkaa wa viwandani, ule wa vitofali vilivyolingana, wana kanuni rahisi: chukua inchi za chungu, zidisha mara mbili. Chungu cha inchi 12 kinataka vitofali 24: vinane chini, 16 juu, na utapata joto la nyuzi 175 hivi, linalotosha kuoka mikate na keki nyingi. Mkaa wetu wa gunia haulingani, lakini ukichagua vipande vya ukubwa wa yai la kuku hesabu hiyohiyo inakaribia. Huwaka kwa ukali zaidi na kuisha mapema, kwa hiyo kuwa na mengine yanayokolea pembeni.

Makaa ya chini yapange duara, yafuate ukingo wa chungu. Katikati paache patupu. Joto litajisambaza lenyewe kwenye chuma, lakini kaa moja likikaa katikati kabisa litachora doa jeusi kwenye mkate wako. Ya juu yapange pembezoni pia, machache tu katikati.

Kujua kama chungu kimefika joto la kuoka, nyunyiza kidogo unga wa ngano ndani yake. Ukiwa kahawia ndani ya dakika moja hivi, endelea. Ukiwa mweusi papo hapo, punguza makaa ya chini kabla ya kufikiria lolote jingine.

Na upepo. Ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kwenye kambi ya Simba A, upepo wa jioni hupuliza upande mmoja wa chungu ukawaka mara mbili ya mwingine. Weka ukinga wa bati au mawe, na kila baada ya dakika kumi zungusha chungu robo kwenda kulia, kisha mfuniko robo kwenda kushoto. Hata pasipo na upepo fanya hivyo.

4. Zoezi la kwanza: wali

Usianze na mkate. Wali unasamehe. Kaanga kitunguu kwa makaa ya chini peke yake, tia mchele, tui na chumvi, funika. Maji yakikauka, ondoa makaa ya chini mpaka yabaki manne au matano, palia juu kumi na kitu, ngoja dakika 15. Ukiinua mfuniko ukakuta juu pamekauka vizuri na chini kuna ukoko wa dhahabu, umeelewa. Ukoko mweusi una maana moja tu, makaa ya chini yalikuwa mengi.

5. Skonzi

Unga wa ngano nusu kilo, hamira ya chenga gramu 7, chumvi kijiko cha chai, sukari vijiko vitatu vya chakula, mafuta vijiko viwili, maji vuguvugu mililita 300. Kanda dakika kumi, funika, acha unga uumuke. Kwenye baridi ya Ngorongoro, mita zaidi ya 2,000 juu ya bahari, utangoja zaidi ya saa moja. Sogeza bakuli karibu na moto, lakini lisipate moto.

Gawa madonge manane, yapange ndani ya chungu kilichopakwa mafuta, moja katikati, saba kuzunguka. Yaumuke tena humohumo nusu saa. Kisha makaa manane chini, 16 juu. Usifunue kwa dakika 15 za kwanza, hata wageni wakizunguka kama fisi. Baada ya hapo inua mfuniko ukiwa bapa, usiuinamishe, majivu yasimwagike. Dakika 25 kwa kawaida zinatosha. Skonzi zikiwa hazijapata rangi, ongeza makaa juu, kamwe si chini. Skonzi iliyoiva ukiigonga tumboni inatoa sauti ya utupu.

6. Baada ya kula

Usimwage maji baridi kwenye chungu cha moto, chuma hiki kinapasuka. Ngoja kipoe, sugua kwa maji ya uvuguvugu na brashi, kikaushe kwenye makaa yaliyobaki, kipake mafuta kidogo. Unapokifunga kwa safari weka kipande cha gazeti kati ya chungu na mfuniko ili hewa ipite, la sivyo kitanuka mafuta yaliyochacha.

Makaa yamwagie maji, yachanganye na majivu kwa beleshi, mwagia tena, kisha yaguse kwa nyuma ya kiganja. Kama bado yana joto, hasa wakati wa kiangazi, hujamaliza: leta ndoo nyingine.