Volti Zisizo Sahihi Katika Pawa Saplai ya Kujiundia: Namna ya Kuufuata Ubovu Kutoka Kwenye Transfoma

Kijana mmoja anayepiga kinanda katika kwaya, hapa Mwanga mjini Kigoma, aliniletea pawa saplai (kifaa kinachobadili umeme wa ukutani kuwa volti ndogo) aliyoiunda mwenyewe kutokana na seti ya vifaa aliyoagiza, akikusudia kuendeshea priamplifaya ya kanisani, ile inayokuza sauti kabla ya amplifaya. Upande wa chanya ulitoa volti 15.1 kama ilivyotakiwa, lakini upande wa hasi ulitoa 20.6. Alikuwa amekwisha kubadilisha regulata ya 7915, kifaa kinachozishikilia volti za upande wa hasi zibaki 15, mara mbili, na kwa kuwa regulata hiyo haipatikani kirahisi katika maduka ya kwetu, ambako 7805 na 7812 ndizo zinazouzwa sana, kila moja aliiagiza Kariakoo na kuingoja ije na basi. Nilipomuuliza alikuwa amepima wapi kabla ya kuing'oa ya kwanza, alinyamaza kidogo, kisha akajibu, "Fundi, nilipima pale mwisho tu."

Kupima pale mwisho tu ndiko kunakowaponza wengi. Namba mbaya inayoonekana kwenye tundu la kutokea ni matokeo, na chanzo chake kinaweza kuwa popote kati ya plagi na tundu hilo. Kwa hiyo kazi huanzia kwenye transfoma na kusogea mbele hatua moja baada ya nyingine, na hakuna kifaa kinachong'olewa kwenye bodi mpaka vipimo viwe vimekibana pande zote mbili, yaani kinachoingia kimeonekana ni sahihi na kinachotoka kimeonekana si sahihi.

Mfano nitakaoutumia ni wa aina inayopatikana sana katika seti hizi: transfoma ya volti 230 inayotoa 15-0-15, yaani volti 15 kila upande wa waya wa kati, dayodi nne zinazopitisha umeme upande mmoja tu, kapasita mbili za mikrofaradi 2,200 za kuhifadhi chaji, kisha regulata ya 7815 kwa upande wa chanya na ya 7915 kwa upande wa hasi. Kabla ya kugusa chochote, ncha za transfoma zinazopokea umeme wa ukutani zifunikwe kabisa, fyuzi iwepo, na mara ya kwanza kuwasha baada ya matengenezo umeme upitishwe kwenye balbu ya waya ya wati 60 iliyounganishwa kwa mfululizo, kwa sababu balbu hiyo ikiwaka kwa nguvu na isififie unajua kuna shoti kabla kitu hakijaungua. Kapasita nazo hubaki na chaji baada ya kuzima. Katika mfano huu chaji hiyo ni ndogo, lakini kwenye pawa saplai ya amplifaya kubwa yenye mikrofaradi 10,000 na volti 50, iondoe kwa rezista ya omu 470 ya wati 5 kwa muda wa nusu dakika hivi, wala usitumie bisibisi.

Mita yenyewe ipimwe kwanza. Ile ya njano ya bei nafuu, ambayo karibu kila mmoja wetu anayo, ina tabia ya kusoma juu kuliko ukweli betri yake ya volti 9 inapochoka, na nimeona mtu akihangaika na regulata nzima kwa sababu mita ilimwambia 17. Chukua betri mpya ya tochi, ile ndogo ya volti 1.5, uipime: ikiwa mita inasoma kati ya 1.5 na 1.6 endelea, na ikisoma 1.9 kanunue betri ya mita.

Jambo la pili ni mahali pa kuweka waya mweusi. Volti ni tofauti kati ya ncha mbili, na katika pawa saplai yenye pande mbili sifuri ni pale kapasita kubwa mbili zinapokutana na waya wa kati wa transfoma, si bati la boksi. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza jioni nzima nikiwa nimeubana waya mweusi kwenye bati lililopakwa rangi, nikisoma namba zinazoelea zisizo na maana yoyote, hadi nilipolikwangua na kukuta kwamba halikuwa limeunganishwa na chochote. Vivyo hivyo, anayepima kutoka chanya hadi hasi atapata 30 na kudhani pawa saplai yake imeharibika, kumbe iko salama.

Sasa twende kwenye transfoma. Mita ikiwa kwenye AC, yaani umeme unaogeuka mwelekeo kama wa ukutani, pima kutoka waya wa kati hadi kila ncha, kisha pima ncha kwa ncha. Bila mzigo, yaani bila kitu kinachovuta umeme, transfoma ndogo ya 15-0-15 itatoa zaidi ya 15, mara nyingi 16 au 17, na hilo si kosa. Ncha kwa ncha itoe maradufu ya namba hiyo. Iwapo transfoma yako ina koili mbili zilizojitenga ambazo wewe mwenyewe uliziunganisha kupata waya wa kati, na ncha kwa ncha unapata karibu 0, basi koili moja imegeuzwa, nawe badilisha nafasi za waya zake mbili. Kosa hili nalitaja kwa mkazo kwa kuwa linajificha: kila upande bado unachaji kapasita yake, DC, yaani umeme wa mwelekeo mmoja, bila mzigo inaonekana sawa kabisa, lakini kapasita inajazwa mara 50 kwa sekunde badala ya mara 100, na spika inavuma mara tu priamplifaya inapounganishwa.

Baada ya dayodi, DC kwenye kila kapasita ikaribie volti za AC ulizopima zikizidishwa kwa 1.41, ukiondoa kama 0.7 ya dayodi. AC ya 16.2 itatoa kama 22. Upande mmoja ukiwa chini sana, au ukishuka ghafla unapowekewa mzigo, zima, ondoa chaji, na upime dayodi moja moja kwenye alama ya dayodi: nzima husoma kati ya 0.5 na 0.7 kwa upande mmoja na haisomi kitu kwa upande wa pili. Angalia pia kapasita ya upande wa hasi, kwa maana mguu wake wa chanya ndio unaokwenda kwenye sifuri, na mtu anayefuata mazoea huigeuza. Kapasita iliyogeuzwa hupata joto, huvimba kichwani, na hatimaye hupasuka. Ukiona imekuwa ya moto ilhali hakuna mzigo, usiendelee kupima.

Hapo ndipo tunapofika kwenye regulata, ambako makosa ni mengi kuliko kwingine kote. Ukizitazama 7815 na 7915 kwa mbele, maandishi yakikukabili, utaona vitu viwili vinavyofanana kabisa, lakini miguu yake haifanani. Kwenye 7815, kuanzia kushoto, mguu wa kwanza ni wa kuingilia, wa kati ni sifuri, na wa tatu ni wa kutokea. Kwenye 7915 mguu wa kwanza ni sifuri, wa kati ndio wa kuingilia, na wa tatu ni wa kutokea. Bati la mgongoni hufuata mguu wa kati, kwa hiyo mgongo wa 7815 ni sifuri ilhali mgongo wa 7915 una zile volti 22 za hasi. Ukizifunga zote mbili kwenye bati moja la kupoozea bila karatasi ya maika ya kuzuia umeme na kibushi cha plastiki kwenye skrubu, umeushoti upande wa hasi mzima, na dalili yake ni transfoma inayonguruma na kapasita isiyofikisha hata volti 1.

Namba inayotoka nayo huzungumza. Kiwango kinachokubalika kwa regulata hizi ni kati ya 14.4 na 15.6, kwa hiyo anayepata 14.7 asitafute ubovu. Ukipata karibu 0 huku kinachoingia ni sahihi, tenganisha mzigo upime tena, kwa maana huenda shoti iko mbele na regulata inajilinda tu. Namba inayochezacheza, hata kwenye meza tulivu, mara nyingi ni ya regulata inayotetema kwa kukosa kapasita ndogo karibu na miguu yake. 7915 hudeka kuliko mwenzake, na huhitaji walau mikrofaradi 2.2 ya tantalamu upande wa kuingilia na 1 upande wa kutokea, au 25 ukitumia kapasita za kawaida. Na ukipata namba inayokaribia ile inayoingia, mguu wa kwanza wa kushuku ni wa sifuri: regulata isiyoiona sifuri haina cha kujilinganisha nacho, hivyo hupitisha karibu kila inachopokea.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya kijana wa kwaya. Kwenye kapasita ya hasi nilipata 22.1, kwenye mguu wa kutokea 20.6, na nilipoacha waya mweusi kwenye sifuri ya kapasita na kugusisha mwekundu kwenye mguu wa kwanza wa 7915, mita ilionyesha volti kadhaa mahali ambapo palipaswa kuwa 0. Nilizima, nikaigeuza bodi na kuimulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Kuuzunguka mguu ule kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umbo la pete, lehemu ikiwa imekaa kwenye shaba bila kuushika mguu. Kila mara alipobadilisha regulata alirudishia lehemu ileile ya zamani bila kuikwangua. Niliinyonya yote, nikasafisha shimo, nikaweka mpya, na upande wa hasi ukatoa 15.0. Zile regulata mbili alizozitupa zilikuwa nzima.

Seti nyingine hutumia LM317, regulata ambayo volti zake hupangwa kwa rezista mbili, R1 na R2. Kanuni ni 1.25 mara (1 + R2 gawanya kwa R1), pamoja na nyongeza ndogo ya mkondo unaopita kwenye mguu wa kurekebishia. Kwa R1 ya omu 220 na R2 ya omu 2,400 unapata karibu 15.0. Aliyechanganya rangi akaweka 240 mahali pa 2,400 atapata kama 2.6, kwa hiyo pima rezista kabla ya kuiunganisha. Kama volti zinapanda pale tu mzigo unapoondolewa, R1 ni kubwa mno: regulata hii inahitaji mkondo mdogo upite ndani yake daima, na 220 au chini yake inatosha kwa kawaida.

Hatua ya mwisho ni kupima ikiwa na mzigo. Rezista ya omu 100 kwenye volti 15 huvuta miliampea 150 na kutoa joto la wati 2.25, kwa hiyo tumia ya wati 5. Regulata inahitaji kama volti 2 za ziada, yaani DC inayoingia isishuke chini ya 17 hata kwenye mabonde yake, pale kapasita inapongoja kujazwa tena. Umeme wa ukutani ukianguka hadi 190, jambo ambalo wengi wetu tumelizoea saa za jioni, hesabu ya mchana huvunjika, na pawa saplai iliyotulia saa nane huanza kuvuma saa mbili usiku. Kama unatumia inveta ya sola isiyotoa wimbi laini, kumbuka kwamba mita ya bei nafuu inaweza kukusomea 180 hivi wakati umeme halisi ni 230. Hapo iamini DC iliyo kwenye kapasita kuliko AC. Na umeme unaopanda nao una madhara yake: transfoma ya 35-0-35 hutoa karibu volti 49 za DC kwenye kapasita, basi kapasita iliyoandikwa 50 haina nafasi ya kupumua, weka ya 63.

Ile ya kwaya niliiwasha tena usiku, ikiwa na mzigo wa miliampea 100 kila upande. Ukutani palikuwa na 196, kwenye kapasita 17.9, na matokeo 15.1 na 15.0. Asubuhi yake aliifunga ndani ya boksi, akaenda nayo mazoezini.