Namba kwanza, fremu mwisho: jinsi ya kuchagua miwani

Wengi wanaoingia dukani kwetu hapa Ngamiani, Tanga, huanzia kwenye kioo. Wanajaribu fremu tano, sita, wanamuuliza mwenzao kama imewapendeza, halafu ndipo wanakumbuka macho. Naomba tugeuze mpangilio huo.

Hatua ya 1: Jua kama shida yako ni ya miwani
Toboa kadi ngumu kwa sindano, tundu moja dogo. Ziba jicho moja, kwa jingine chungulia tunduni usome bango la ng'ambo ya barabara. Maandishi yakikolea, kuna uwezekano mkubwa miwani itakusaidia. Ukungu ukibaki vilevile, usinunue kitu: nenda Bombo au hospitali nyingine yenye kitengo cha macho, maana huenda ni mtoto wa jicho au jambo la ndani zaidi. Macho yaliyofifia ghafla, au yanayouma, yapelekwe siku hiyohiyo. Mwenye kisukari, kabla ya kupimwa miwani, asubiri sukari itulie kwanza. Ikipanda na kushuka, namba nayo huyumba, na miwani ya leo inaweza kukukataa baada ya wiki chache.

Hatua ya 2: Isome karatasi yako
Kwenye karatasi ya vipimo vya macho, OD ni jicho la kulia, OS la kushoto. Alama ya kutoa ni ya asiyeona vizuri mbali. Ya kujumlisha ni ya jicho linalohangaika zaidi karibu. Namba yenyewe ni dayopta, yaani kipimo cha nguvu ya lenzi, na hesabu yake ni nyepesi: gawa mita 1 kwa namba hiyo. Mwenye -2.00, bila miwani, mwisho wake wa kuona sawasawa ni sentimita 50. Ukikuta silinda na mhimili (kuanzia nyuzi 1 hadi 180), basi uso wa jicho lako haukupinda sawa pande zote. ADD ni nyongeza ya kusomea, ambayo wengi huanza kuihitaji wakikaribia au kupita miaka 40.

Hatua ya 3: Pima umbali wa kazi yako
Hapa ndipo watu wengi wanapoharibikiwa. Alikuja mama mmoja fundi cherehani, amevaa miwani ya +2.50 aliyoinunua kwa machinga. "Mwanangu, uzi mkononi nauona, mbona sindano ya cherehani inapotea?" Macho yake ya mbali yalikuwa mazima. Nikamwomba futi kamba yake mwenyewe, akakaa kama anavyokaa kazini, nikapima kutoka jichoni hadi kwenye sindano: sentimita 58. Lenzi ya +2.50 ilikuwa inamvuta kwenye 40. Tukajaribu +1.50, akaegemea nyuma, mabega yakashuka, akaanza kuhesabu mishono ya upindo wa dera lake. Kwa hiyo kabla ya kupimwa, pima kazi yako: kitabu, kompyuta, meza ya kukatia samaki. Andika, uje nayo.

Hatua ya 4: Dai umbali wa mboni
Ni umbali kutoka mboni moja hadi nyingine. Huandikwa PD, kwa milimita. Kwa watu wazima wengi ni kati ya 54 na 74. Kitovu cha lenzi kisipokaa mbele ya mboni, namba sahihi nayo itakuumiza kichwa. Kama haimo kwenye karatasi, omba iandikwe kabla hujaondoka. Vipimo ni vyako.

Hatua ya 5: Sasa fremu
Ndani ya mkono wa fremu utaona mfano 52-18-140: upana wa lenzi, daraja la pua, urefu wa mkono. Mwenye namba kubwa ya kutoa achague lenzi ndogo, la sivyo kingo zitakuwa nene. Mtoto awekewe polikaboneti, haivunjiki ovyo. Kwa chumvi ya bahari yetu, chuma cha bei rahisi hushika kutu kwenye skrubu. Plastiki nzuri au titani hudumu. Miwani ya jua iwe na kinga ya UV400, inayozuia miale ya jua inayodhuru macho, hasa kwa wavuvi, kwani jua na upepo huchangia kinyama cha jicho. Weusi wa lenzi peke yake haukingi miale hiyo.

Hatua ya 6: Ijaribu kabla ya kuondoka
Tazama mwimo wa mlango, teremka ngazi, soma ujumbe kwenye simu. Sakafu kuonekana imeinama kidogo siku za mwanzo ni kawaida kwa mwenye silinda mpya. Ikipita wiki mbili bado imeinama, irudishe pamoja na karatasi yako, lenzi zipimwe upya mbele yako.