Somo: Kutia nanga kayaki kwenye mkondo wa Pangani

Sisi wa Moshi na Arusha tumezoea maji yaliyolala, ziwa Duluti na bwawa la Nyumba ya Mungu. Huko hata ukifunga jiwe ubavuni utavua hadi jioni. Mdomoni Pangani, mto unapoingia baharini, ni habari nyingine, japo mto ni wetu huu huu unaotoka Kilimanjaro na Meru. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, kina hubadilika kwa mita tatu na zaidi.

1. Chagua siku. Bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa hiyo mgeni aende siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Maji yakipwa huku upepo unatoka baharini, mawimbi ya mdomoni husimama wima. Siku hiyo kaeni mkanywe chai.

2. Nanga ya kukunja ya makucha manne, kilo moja na nusu, na mnyororo wa mita moja. Mnyororo ufunge chini, makucha yanapokutana, kisha ubane kwenye pete ya juu kwa kifungo chembamba cha plastiki. Nanga ikinasa mwambani, vuta kwa nguvu: kifungo kinakatika, nanga inatoka kinyumenyume.

3. Weka kapi (kigurudumu cha kupitishia kamba) omo, yaani mbele, na tezi, yaani nyuma, upitishe kamba ya kuzunguka yenye pete. Kamba ya nanga ipite kwenye pete hiyo, nayo uitelezeshe hadi mwisho kabisa wa kayaki. Ubavuni kamwe! Mkondo ukivuta ubavu, maji hupanda juu yake na kayaki inapinduka kabla hujashika kasia.

4. Toa kamba mara tano hadi saba ya kina, ukihesabu kina cha maji yakishajaa.

5. Hapa ndipo wengi huzembea. Kamba usiifunge fundo kwenye kayaki. Ibane kwenye kishikio kinachoachia kwa mvuto mmoja, na mwisho wake uwe na boya. Mkondo ukizidi, achia uondoke. Boya litakuonyesha nanga baadaye. Kisu kiwe kifuani, juu ya jaketi okozi, si ndani ya begi.

MASWALI (kila muulizaji kwa jina la anakotoka)

Boma Ng'ombe: Mkuu, jiwe halitoshi?
Jibu: Ziwani sawa. Mkondoni linaburuzika, na jiwe la kilo tatu likizama uzito wake hubaki kama kilo mbili tu.

Usa River: Shikamoo mzee. Omo au tezi?
Jibu: Marahaba binti yangu. Ukiwa na shaka, omo. Tezi inakupa kuona mishipi ikienda na maji, lakini kayaki ya tezi fupi, isiyoinuka juu ya maji, hunywa maji.

Majengo: Kaka, nang'oaje mkondo ukiwa bado mkali?
Jibu: Piga kasia mpaka uwe juu ya nanga, pete ikiwa bado omo, ukikusanya kamba. Ikikataa, achia na boya, usubiri maji yasimame.