Kabla hujanunua tabo nyingine, pitisha mkono chini ya mipira

Gari lako la dizeli likiishiwa nguvu kupanda kilima cha Bugando, Mwanza, huku nyuma moshi mweusi na mbele mlio wa "fyuuu", anza na mipira ya hewa ya tabo (turbo), ile pampu inayosukumia injini hewa. Hewa inavuja kabla ya kufika kwenye injini, mafuta yanaizidi, ndiyo maana ya ule moshi.

Zima, acha ipoe, kisha papasa upande wa chini wa mpira kati ya tabo na intakula (kipoza hewa). Wangu ulikuwa na ufa wa urefu wa ukucha, umezungukwa na mafuta yaliyoganda vumbi. Gari likizimwa ufa unajifunga, kwa macho huuoni! Fundi akiwa na kompresa, azibe mwanzo wa njia ya hewa, apulize taratibu, isizidi baa 1, na wewe upake maji ya sabuni. Povu litakuonyesha.

Usisahau kile kimpira chembamba cha vakyumu (kinachovuta fimbo ya tabo kwa kunyonya hewa), kwa magari yanayokitumia: injini ikiwashwa, fimbo ya tabo lazima isogee.

Shafti ya tabo kucheza kidogo pembeni ni kawaida. Ikicheza mbele na nyuma, au mapanga yamekwaruza nyumba yake, hapo tabo ndiyo mgonjwa.