Unaaplai masta ya fasihi linganishi? Anza na neno moja

Fasihi linganishi ni kusoma kazi za fasihi za lugha tofauti kwa pamoja, na wengi wanakuja na vitabu viwili wanavyovipenda, halafu wanatafuta vinafanana wapi na vinatofautiana wapi. Hiyo kazi ya sekondari jamani, ukishamaliza orodha yako msomaji anauliza "kwa hiyo?" na wewe huna jibu. Tafuta swali kwanza, vitabu vitakuja vyenyewe.

Mfano naoupenda mimi: mwaka 1969 Nyerere alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare akaiita Mabepari wa Venisi. Kwenye jina la Kiingereza, The Merchant of Venice, kuna mfanyabiashara mmoja tu, huku wamekuwa wengi, tena mabepari! Sasa usikurupuke kusema kachomekea siasa, najua Azimio la Arusha lilikuwa 1967 na inashawishi kweli, lakini neno bepari lina asili ya Bara Hindi na kule ni mfanyabiashara tu, hana ubaya wowote. Basi ganda hapo hapo. Fungua kamusi ya zamani, fungua na ya sasa, weka Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, shuka mstari kwa mstari uone neno linarudi wapi na linamwangukia nani. Hiyo ni sura nzima ya tasnifu ujue, na umeitoa kwenye jina la kitabu tu.

Lugha sasa. Vyuo vingi vina mtihani wa kusoma, unapewa matini unatafsiri, mara nyingi kamusi ruksa. Usingoje mwaka wa pili ndo uanze kuhangaika, tafsiri nusu ukurasa kila siku kwa penseli na usichungulie tafsiri ya mtu mpaka umalize. Kuongea kama mzawa sio lazima, ila kitabu unachokiandikia tasnifu kisome kwenye lugha yake, la sivyo siku ya kutetea utaumbuka.

Nadharia usizimeze. Chukua moja ijaribu kwenye aya moja, isipokuonyesha kitu ambacho ulikuwa hukioni achana nayo, hata kama kila mtu anaitaja.

Na kabla hujatuma maombi uliza supavaiza anasoma lugha zipi, mimi hapa ndo niliteleza. Wangu alikuwa mtu poa sana ila lugha yangu ya pili hakuijua hata kidogo, kwa hiyo kila nukuu alikuwa anasahihisha Kiingereza changu, sio hoja, na ilibidi nitafute msimamizi wa pili wakati sura mbili nishaandika.