Jengo Lisahaulike, Mstari Ubaki

Kipimo changu ni hiki: namwonyesha mtu picha niliyoipiga ya jengo, namuuliza anaona nini. Akijibu haraka "ghorofa", bado sijafika. Akinyamaza, akainamisha kichwa, kisha akauliza kama ni karatasi iliyokunjwa, basi imekuwa picha dhahania, ya mistari na maumbo tu. Kwa hiyo kazi yangu karibu yote ni ya kuondoa.

La kwanza kuondoka ni chochote kinachotaja ukubwa: mlango, mtu, kibao, kiyoyozi, nyaya. Jicho likishaona mlango linapima jengo zima kwa mlango huo, na mchezo umekwisha. Ndiyo maana lenzi pana naiacha kwenye begi. Natumia ya milimita 70 hadi 200, nasimama mbali na kuchagua kipande kimoja tu. Ukiwa mbali, ukuta wa mbele na wa nyuma huonekana kama vimebandikwa pamoja, na hilo ndilo tunalolitafuta. Mwenye simu atumie ile lenzi yake ya kuvuta mbali, kama ipo.

Sasa kingo za fremu. Hapa ndipo picha nyingi zinapoharibikia, zangu zikiwemo. Kabla ya kubonyeza, acha kutazama katikati. Zungusha jicho pembeni pande zote nne uone kila mstari unatokea wapi. Mstari unaotoka karibu na kona bila kuigusa huonekana kama umekosea njia. Ama uingize konani hasa, ama uupeleke mbali nayo. Ncha ya kivuli nayo isiguse ukingo wa dirisha kwa kubahatisha: ivuke, au ibakize nafasi inayoonekana. Kusogea hatua moja kushoto mara nyingi kunatosha, na hakuna programu itakayokusogezea hatua hiyo baadaye.

Kuna ngazi ya nje, ya zege, niliyoirudia mara nne. Mara tatu za kwanza nilikwenda saa sita mchana. Jua liko utosini, vidato vyote rangi moja, picha imekufa. Mara ya nne nilifika saa mbili asubuhi, kivuli cha ukuta wa pembeni kikashuka juu ya vidato kama meno ya msumeno. Nusu nyeupe, nusu nyeusi. Ngazi yenyewe haikuonekana tena.

Mipangilio ya kamera haina mengi: f/8 (upana wa tundu la lenzi), ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), faili ghafi (RAW), na mwanga uupime kwenye sehemu nyeupe zaidi ili isiungue, yaani isibaki nyeupe tupu. Giza utaliinua ukitaka. Weupe ulioungua haurudi.

Kwenye kuhariri, anza kwa kunyoosha mistari ya wima. Kunyoosha kunakula kingo, kwa hiyo wakati wa kupiga bakiza nafasi kidogo pande zote. Kisha kata, bila huruma. Mpiga picha Lucien Hervé, aliyeanza kupiga majengo ya msanifu Le Corbusier mwaka 1949, alikuwa akizikata picha zake zilizochapwa kwa mkasi, hadi zibaki vipande vyembamba. Kwa hiyo usiuone uwiano wa kamera kuwa amri. Picha ya mraba, au ndefu kama mkanda, ni halali.

Rangi nazo: kama picha inasimama juu ya rangi mbili zinazogombana, ziache. Kama haisimami hapo, igeuze nyeusi na nyeupe, halafu ucheze na kitelezi cha rangi ya buluu kuitia anga giza. Taratibu hapo! Niliwahi kukivuta hadi mwisho, anga ikawa nyeusi ti, nikafurahi, nikaichapa kubwa. Kwenye karatasi ukingo wote wa jengo ulikuwa umezungukwa na uzi mweupe, na anga imejaa chembechembe kama mchanga. Tangu siku hiyo navuta nusu tu, kisha nakuza picha hadi asilimia 100 na kuufuata ukingo wote kwa jicho.

Baada ya hapo natia giza ndani ya vivuli kwa brashi, mpaka matofali yasionekane. Kivuli nakitaka kiwe umbo. Madoa ya ukutani huyafuta, isipokuwa michirizi ya mvua inayoshuka sambamba na mistari ya jengo. Hiyo naiacha hata nikiambiwa nisafishe.

Mwisho naigeuza picha juu chini, au ubavu, naiacha kwenye skrini niende kunawa uso, nikirudi niione upya. Ile ya ngazi niliporudi niliikuta inapendeza zaidi ikiwa imelala ubavu, meno ya msumeno yakielekea kulia. Nikaihifadhi hivyo hivyo.