Ndege na viwavi: mchezo wa kufundisha uteuzi asilia kwenye nyasi za shule

Uteuzi asilia, yaani wenye sifa zinazowasaidia kupona huzaa na sifa hizo huongezeka katika kundi, ukifundishwa ubaoni peke yake, wanafunzi wengi hutoka wakiamini kwamba kiumbe hubadilika kwa sababu anataka kupona. Mchezo huu huing'oa dhana hiyo kwa hesabu wanazozipata wenyewe, na unatosha katika vipindi viwili vya dakika 40.

Nunua uzi wa kufumia masweta wa rangi nne: kijani, kahawia, nyekundu na nyeupe. Kata vipande vya sentimita 4: kijani 60, kahawia 60, nyekundu 40, nyeupe 40. Hao ndio viwavi. Usichanganye maharage, choroko na mahindi ingawa ni rahisi kupatikana. Punje zikitofautiana ukubwa hutajua kama ndege alivutwa na rangi au na ukubwa, na matokeo yote yanaharibika.

Chomeka vigingi vinne, zungushia kamba upate mraba wa mita 5 kwa 5 kwenye nyasi zinazofika kifundo cha mguu. Zilizofyekwa hadi udongo ukaonekana hazifichi kitu. Asubuhi hiyo kagua eneo: siafu, upupu, miiba, vipande vya chupa.

Kila kiwanja kinahitaji watu 16: ndege 8, watawanyaji 2, waandishi 2, waamuzi 4. Darasa la 50 linahitaji viwanja vitatu, kila kimoja na nyuzi zake.

Ndege wakiwa wamegeuka, watawanyaji wamwage viwavi 20 wa kila rangi, jumla 80, huku wakitembea ili wasirundikane. Filimbi ikilia, ndege anaingia, anaokota kiwavi wa kwanza anayemwona, anampeleka kwenye kopo lake nje ya kamba, ndipo anarudi kutafuta mwingine. Akifikisha watano anatoka. Kwa hiyo 40 wameliwa, 40 wamebaki.

Waliobaki hawatafutwi, wanahesabiwa kwa kutoa. Kila aliyepona anazaa mmoja wa rangi yake. Tuseme wameliwa wekundu 16, weupe 13, kahawia 7 na kijani 4. Wamebaki 4, 7, 13 na 16. Ongezeni idadi hizo hizo uwanjani, na kizazi cha pili kinaanza na wekundu 8, weupe 14, kahawia 26 na kijani 32. Jumla ni 80 tena. Chezeni raundi tatu. Baada ya ile ya tatu msiongeze.

Kinachoharibu mchezo mara nyingi ni ndege kupiga magoti na kuchambua nyasi kwa vidole. Hapo macho hayachagui tena, na rangi zote huliwa karibu sawa. Waamuzi wasimamie hili kwa ukali. Kopo la ndege mmoja likiwa na mchanganyiko tofauti kabisa na la wenzake, huenda hatofautishi vizuri nyekundu na kijani, jambo linalowapata zaidi wavulana. Usimtaje mbele ya darasa, wala usifute hesabu zake: uoni wa mwindaji nao huamua nani apone.

Mkirudi darasani, chora jedwali la vizazi na uliza swali moja kabla ya mengine yote: kuna uzi wowote uliobadilika rangi? Hakuna hata mmoja. Kilichobadilika ni uwiano wa rangi katika kundi, kwa kuwa walioonekana upesi hawakuacha watoto. Usiharakishe hapa, hata kama kengele inakaribia. Somo lote liko katika jibu hili. Kisha uliza ingekuwaje kama uzi wa kijani usingekuwepo tangu mwanzo, waone kwamba tofauti lazima ziwepo kabla ya uteuzi kufanya kazi. Rudieni mchezo kiangazi, nyasi zikikauka, na mlinganishe idadi ya kahawia waliopona na ile ya masika.

Nyuzi 40 zilizobaki uwanjani ziokotwe zote na darasa zima. Uzi wa plastiki hauozi, na mbuzi na kuku humeza.